Kabla Hujaing'ata Kaki: Hotuba kwa Wapandaji na Walaji

Mabibi na mabwana, wapandaji na walaji wa matunda: wakubwa shikamooni, wengine hamjambo.

Mezani hapa pana matunda mawili. La kwanza limechongoka chini kama pia. La pili limebapa kama nyanya. Yote yana rangi ya chungwa iliyoiva, yote yana kofia ileile ya vijani vinne vigumu kwenye kikonyo, na yote mawili ni magumu kama pera bichi. Hilo lililobapa ukiling'ata sasa hivi utakula tunda tamu lenye mlio kama wa tufaha. Hilo lililochongoka ukiling'ata, ulimi utakauka kama umepakwa chokaa, mashavu yatajivuta ndani, na hata maji ya kunywa hayatakusaidia kwa dakika kadhaa. Yote mawili ni kaki, na miti yao ni ya spishi moja, *Diospyros kaki*. Anayeuza na anayepanda bila kujua tofauti hiyo huwafukuza wateja, kwa sababu aliyekuta ukakasi mara moja harudi tena kununua.

Kwanza jina. Kaki ni neno la Kijapani. Halina uhusiano na kitambaa cha kaki cha sare, ambacho jina lake lilitoka kwenye neno la Kiajemi lenye maana ya vumbi. Jina la Kiingereza, persimmon, lilitoka kwa wenyeji wa Virginia waliokuwa na spishi yao ya porini, *Diospyros virginiana*, yenye tunda dogo la kutosha kiganjani. Hapa tutasema kaki kwa tunda na mkaki kwa mti.

Wapo wanaosikia kwamba mkaki ni ndugu wa eboni, wakahitimisha kwamba ni ndugu wa mpingo. Sivyo. Mpingo ni *Dalbergia*, wa jamii ya kunde. Eboni ya misitu ya Gabon na Kongo ndiyo *Diospyros*, ndugu halisi wa mkaki. Na ukitaka jamaa yake wa karibu na nyumbani, mtazame mdaa, ule mti ambao watu hukata vijiti vyake wakapigia mswaki. Ni wa ukoo huohuo.

Sasa tuingie kwenye ukakasi wenyewe, maana mambo mengine yote ya mti huu yanazunguka hapo. Ukakasi si uchachu wa ndimu, wala si uchungu wa mwarobaini. Ni kitu kinachoguswa zaidi kuliko kuonjwa. Ndani ya nyama ya kaki mna seli kubwa zilizojaa tanini. Ukitafuna seli hizo zikapasuka, tanini inayoyeyuka hunasa protini za mate, na mdomo unapoteza ule utelezi wake. Aliyewahi kung'ata bibo la mkorosho anaijua hali hiyo, kwani tanini ndiyo inayofanya kazi hata kule. Kaki yenye ukakasi huzidi bibo kwa mbali.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kaki inapoiva, tanini haiondoki. Imo palepale. Kinachobadilika ni kwamba inashikana vipande kwa vipande, inakuwa donge kubwa lisiloyeyuka mateni, na ulimi hauioni tena. Kinachoishikanisha ni kemikali iitwayo asetaldehidi, ambayo tunda lenyewe huitengeneza likiiva, au likinyimwa hewa, au likipewa pombe. Kila mbinu ya kuondoa ukakasi, ya kizamani au ya kiwandani, ni njia ya kulifanya tunda litengeneze asetaldehidi.

Hapo ndipo aina zinapotofautiana. Fuyu na Jiro, ambazo ni zile bapa za Kijapani, huacha kukusanya tanini mapema tunda likiwa bado dogo, na kufikia mavuno zimeshapoteza ukakasi zikiwa ngumu. Hachiya, ile iliyochongoka, hukaa na ukakasi wake mpaka ilainike kabisa, iwe ina mbegu au haina. Katikati pana kundi linalosumbua watu: aina ambazo ukakasi wake hutegemea mbegu. Mbegu zikiwemo, hutoa pombe kidogo ndani ya tunda, asetaldehidi inapatikana, na nyama inayozizunguka inageuka ya kahawia yenye madoa, tamu, isiyo na ukakasi. Zenjimaru ya Kawasaki, Japani, ambayo kwa mapokeo ya huko iligunduliwa mwaka 1214, ni ya namna hiyo. Likikosa mbegu upande mmoja, upande huo unabaki na ukakasi, na tunda moja linakuwa na ladha mbili. Kwa hiyo anayepanda aina hizo apande na mti wenye maua dume karibu. Fuyu na Hachiya hazihitaji: huzaa bila kuchavushwa, na dume likiwa jirani utapata mbegu tu ambazo hukuziomba.

Je, umbo linatosha kutofautisha? Linasaidia, lakini lisikudanganye. Bapa si dhamana. Hiratanenashi ya Japani ni bapa na ina ukakasi. Triumph, inayouzwa kwa jina la tunda la Sharon kutokana na tambarare ya Sharon huko Israeli na inayolimwa pia Afrika Kusini, ni bapa na huzaliwa na ukakasi, ila huondolewa kabla ya kufika dukani. Muulize muuzaji jina la aina. Akikosa jibu, kata kipande chembamba kama kucha, kiguse na ncha ya ulimi.

Tuje kwenye kuondoa ukakasi. Njia ya kwanza mnaijua nyote: kuvundika. Weka kaki ngumu zilizopata rangi kamili kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu mbili au tufaha, funga mdomo, acha ndani ya nyumba. Hewa ya ethilini inayotoka kwenye ndizi itazivundika kwa siku 3 hadi 6, kutegemea joto. Hachiya iliyo tayari haisemwi kuwa "imelainika kidogo." Huwa kama mfuko wa maji, ganda limekuwa angavu, na ukiinyanyua unaogopa itapasuka. Kosa linalorudiwa ni haraka: upande mmoja umelainika, mtu anachota kijiko, kumbe nyama ya karibu na kofia bado. Subiri siku mbili zaidi.

Kuvundika kuna kasoro moja kubwa kibiashara: tunda laini halisafiri. Huko Ribera del Xúquer, mkoani Valencia, Hispania, wakulima walikuwa na aina yao, Rojo Brillante, nzuri kwa rangi na ukubwa, lakini ikiliwa ikiwa laini tu. Kilichoifikisha kwenye masoko ya mbali ni hewa ukaa. Matunda magumu huwekwa kwenye chumba kisichovuja, joto nyuzi 20 za Selsiasi, unyevu wa hewa asilimia 90 hivi, hewa ukaa asilimia 95, kwa muda wa saa 24. Tunda likikosa oksijeni, seli zake huanza kuchachua, asetaldehidi inatokea, tanini inashikana, na tunda linatoka gumu vilevile lakini tamu. Ukizidisha muda, nyama hubadilika kuwa ya kahawia. Ukiingiza matunda yaliyotoka kwenye baridi bila kuyapasha, yatatoka na ukakasi wa madoamadoa. Na chumba hicho kinaua mtu: asiingie yeyote mpaka hewa ibadilishwe na kipimo kisome salama, hata kama amesahau simu ndani.

Nyumbani Wajapani wana njia mbili. Ya kwanza ni pombe ya shochu ya asilimia 35. Wanachovya kofia tu ya tunda, si tunda zima, kwa sekunde chache, kisha wanafunga matunda ndani ya mfuko wa plastiki na kuyaacha kwa wiki moja hivi. Kwa nini kofia? Kwa sababu tunda la kaki hupumua hasa kupitia kofia yake. Ganda limepakwa nta ya asili na halipitishi mengi. Kwa asiyetaka pombe jikoni mwake kuna njia ya pili, maji ya uvuguvugu: tumbukiza matunda magumu kwenye maji ya nyuzi 40, funika kwa blanketi, rudishia maji ya moto yakipoa, kwa saa 15 hadi 24. Ugumu upo kwenye kudumisha joto. Likishuka sana, hakuna kinachofanyika. Likipanda sana, unalichemsha tunda, unaua shughuli yake ya ndani, na ukakasi unabaki ndani ya tunda lililokufa. Kaki za maji moto ziliwe ndani ya siku mbili tatu, hazikai.

Onyo kwa wapishi wa jemu: tanini iliyoshikana inaweza kuachiana tena kwa moto. Kaki iliyokuwa tamu mbichi inaingia sufuriani, inachemka, na jemu inatoka na ukakasi. Wajapani wana neno lao kwa jambo hilo, shibumodori, yaani ukakasi kurudi. Kwa kupikia, tumia Fuyu. Ukiwa na nyingine, iache mbichi, uisage kwenye mtindi au uigandishe.

Njia ninayoiona bora kuliko zote kwa kaki yenye ukakasi ni kuikausha nzima. Hapa Hachiya huipita Fuyu, maana ina sukari nyingi na sasa ukakasi wake hauna madhara. Wajapani huita hoshigaki, Wakorea gotgam, na mji wa Sangju huko Korea Kusini unajulikana kwa kazi hiyo. Utaratibu ni huu. Chuma tunda lililopata rangi kamili likiwa bado gumu. Likiwa limeanza kulainika, litateleza na kuanguka kutoka kwenye kamba. Likate pamoja na kipande cha kijiti chenye umbo la herufi T, ndipo pa kufungia. Menya ganda lote ukiacha duara jembamba karibu na kofia. Chovya kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 10 kuua vijidudu vya juu. Funga matunda mawili kwenye ncha mbili za kamba, yaning'inize penye upenu unaopitisha upepo lakini hauloweshwi na mvua, na yasigusane hata kidogo. Yakigusana, pale yanapogusana pataoza.

Baada ya wiki moja hivi, nje patakuwa pamefanya utando kama ngozi huku ndani pakiwa laini. Hapo anza kuyakanda kwa vidole, polepole, kila baada ya siku chache. Ukandaji unavunja nyuzi za ndani na kuusogeza unyevu kutoka katikati uje nje. Tunda lisilokandwa hukauka juu likabaki na moyo mbichi. Ukikanda mapema kabla ya utando, litapasuka na kudondosha maji. Wiki 4 hadi 6 zinatosha. Kilo moja itabaki kama robo kilo. Mwishoni sukari hujitokeza juu kama unga mweupe, na hapo wengi hutupa kazi yao wakidhani ni ukungu. Unga wa sukari ni mkavu, umetandaa sawasawa, hauna manyoya. Ukungu una manyoya, hukaa kwa mabaka, na mara nyingi una rangi ya kijani au nyeusi. Huo ndio wa kutupwa.

Kazi hii inataka hewa ya baridi na kavu. Ukining'iniza kaki kwenye baraza la Tanga au Mombasa, jasho la hewa ya pwani litazifanya zikamate ukungu kabla ya utando kutokea. Penye joto na unyevu, kata Fuyu vipande vya milimita 5 na utumie kikaushio cha nyuzi 55 hadi 60. Utapata kitu kizuri, ila si hoshigaki.

Sasa mti. Miche ya kaki ya mbegu haimfuati mama, kwa hiyo mti hubebeshwa, yaani kipande cha aina unayoitaka huunganishwa juu ya shina la mche mwingine. Shina la chini ndilo linaloamua maisha ya shamba, na hapa watu huuziwa miche kwa macho. *Diospyros lotus* huvumilia baridi na huenda vizuri na aina nyingi zenye ukakasi, lakini Fuyu juu yake mara nyingi hukua miaka michache kisha ikadumaa na kunyauka, kwa sababu haviungani vizuri. Fuyu itake shina la *Diospyros kaki* yenyewe. *Diospyros virginiana* huvumilia udongo wenye maji mengi, ila hutoa machipukizi kila upande kutoka mizizini. Muulize mwenye kitalu shina la chini ni lipi kabla ya kuuliza bei.

Mche ukifika ukaukuta una mizizi myeusi, usiurudishe. Mizizi ya mkaki ni myeusi kwa asili yake. Ikwangue kidogo kwa ukucha: ndani ikiwa na rangi ya njano na unyevu, iko hai. Una mzizi mkuu mrefu usiopenda kusumbuliwa, hivyo chimba shimo la kuutosha bila kuukunja, usiweke mbolea ya chumvichumvi shimoni, acha sehemu ya kubebeshea juu ya udongo, na weka matandazo ya sentimita 10 yasiyogusa shina. Usishtuke mche ukichelewa kuchipua mwaka wa kwanza. Tatizo ni kwamba wenye haraka huongeza maji, na mizizi isiyo na majani ya kunywa hayo maji huoza.

Kwa baridi mkaki hautaki mengi. Saa chini ya 200 za baridi kali zinautosha, pungufu mno kuliko matufaha mengi. Lakini unataka kipindi cha kupukutisha majani na kupumzika. Ndiyo maana kwa Afrika Mashariki mazungumzo yake ni ya nyanda za juu, sehemu kama Lushoto ambako plamu na pichi huzaa, wala si ya pwani.

Wajapani husema pichi na njugu za chestnut miaka mitatu, kaki miaka minane. Hiyo ni hesabu ya mbegu. Uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa 3 hadi wa 5. Katika kupogoa, kumbuka kwamba maua hutoka kwenye vichipukizi vya mwaka huu, na vichipukizi hivyo huanzia kwenye macho ya nchani mwa tawi la mwaka jana. Anayepita na mkasi akikata ncha zote ili mti upendeze anakata mavuno yote. Ondoa tawi zima hadi shinani, au liache.

Matunda machanga huanguka mengi mwanzoni, na mengine ni kawaida. Yakizidi, angalia mambo matatu: naitrojeni iliyozidishwa inayoufanya mti ukimbilie majani, kiu ikifuatiwa na maji mengi ghafla, na kivuli. Mti ukibeba kupita kiasi mwaka huu, mwaka ujao utalala. Dawa ni kupunguza: bakisha tunda moja kwa kila kichipukizi, na kwa mti mzima tunda moja kwa kila majani 20 hivi. Inauma kuangusha matunda mazima chini, lakini mti wa mkaki una matawi yanayovunjika upesi, na uzito usiopunguzwa kwa mkono huangushwa na upepo pamoja na tawi.

Wadudu nitapita haraka. Vidung'ata na vidugamba hujificha chini ya kofia, mahali dawa haifiki. Wapige wakiwa wadogo kwenye gome majira ya baridi. Ugonjwa wa kuchukuliwa kwa uzito ni madoa duara ya majani, wa kuvu *Mycosphaerella nawae*, uliozuka Valencia mwaka 2008 na kupukutisha majani na matunda kabla ya wakati. Hila yake ni kwamba mbegu za kuvu hutoka kwenye majani yaliyoanguka, huambukiza mti majira ya kuchipua, na madoa yasionekane mpaka miezi mingi baadaye. Anayepulizia dawa akiona madoa amechelewa. Zoa majani yaliyoanguka, na dawa iwe ya majira ya kuchipua.

Kuvuna ni kwa mkasi, si kwa kuvuta. Ukivuta, kofia hung'oka, na tunda lisilo na kofia huoza kuanzia pale. Kata kikonyo kiwe kifupi kabisa kisichome tunda la jirani kwenye kreti. Na yale masimulizi kwamba ni lazima kaki za Marekani zipigwe na jalidi ndipo ziive, si kweli. Huiva kwa wakati wake. Jalidi huja tu msimu huohuo, likapewa sifa isiyo yake.

Fuyu usiiweke kwenye friji ya nyumbani ukatarajia idumu. Ghala la nyuzi 0 huihifadhi vizuri, lakini kati ya nyuzi 5 na 15 baridi huiumiza: nyama inakuwa kama jeli na kubadilika rangi ikitolewa nje. Friji nyingi zimo pembeni kabisa mwa eneo hilo baya. Iache mezani uile ndani ya wiki, mbali na ndizi.

Kuna jambo la tumbo pia. Kaki yenye ukakasi ikiliwa kwa wingi, hasa tumbo likiwa tupu, tanini yake hushikana na nyuzinyuzi kwa asidi ya tumboni na kufanya donge gumu kama jiwe, ambalo wakati mwingine hutolewa kwa upasuaji. Aliyewahi kukatwa sehemu ya tumbo, na mwenye kisukari ambaye tumbo lake husaga polepole, ale kidogo tu, tena iliyoiva kabisa.

Mwisho, ukakasi wenyewe una kazi. Wajapani huchuma kaki za kijani zenye tanini nyingi mwezi wa Agosti, wakaziponda, wakakamua maji yake, wakayaacha yachachuke na kukaa mwaka mmoja au miwili. Hupata kimiminika cha rangi ya kahawia kiitwacho kakishibu, chenye harufu mbaya kwelikweli. Hupakwa kwenye mbao, kwenye nyavu, na kwenye karatasi ili zisipenye maji. Karatasi za kukatia nakshi za vitambaa huko Ise hushikanishwa kwa kitu hicho. Ni kazi ileile inayofanywa na magome ya mikoko kwenye ngozi. Ukitaka kujaribu na matunda uliyoyapunguza, kama mti wako ni wa aina yenye ukakasi, tumia ndoo ya plastiki au mbao, wala si chombo cha chuma, kwani tanini ikikutana na chuma hugeuka nyeusi. Paka tabaka jembamba, acha likauke, rudia mara tatu. Rangi itaonekana hafifu siku ya kwanza na kukolea wiki zinazofuata kadiri jua linavyoipiga.